Jiwe Jeusi Kisiginoni

Gisenyi, Jumatatu, 5 Machi 1956

Sijamwambia mtu yeyote, hata mama: kazi ya dispanseri siitaki kwa kuwapenda wagonjwa. Naitaka ili Mukagasana asiipate.

Tumemaliza shule pamoja. Masera, mtawa wa dispanseri, anatafuta msichana mmoja tu wa kumsaidia, na atachagua Jumatatu ijayo. Aproni iko moja, nyeupe, nyuma ya mlango. Leo Mukagasana aliigusa. Aliigusa!

Somo: nyoka. Kifutu huvimbisha mguu. Swila hushambulia mishipa ya fahamu. Ubongo unaamuru, kope, inukeni! Amri inafika mpaka kwenye msuli, inakuta sumu imeziba mlango. Kope zinaanguka kwanza. Halafu ulimi, koo, miguu. Mwisho kifua, na pumzi basi. Akili na masikio bado vizima. Maskini anasikia kila kinachosemwa.

Nilishika yote. Masera akauliza. Mdomo wangu ukajifunga, kama kawaida mbele ya watu, utadhani swila keshaniuma. Mukagasana akajibu kwamba wote wawili huvimbisha. Kosa! Akasifiwa kwa kujaribu.

Jumatano, 7 Machi

Nimepata hila. Nitajifanya nimeumwa na swila, bila uvimbe. Mukagasana atasema nimelala tu. Masera ataona hafai. Mimi nitapona na kuvaa aproni.

Nimefanya mazoezi ya kulegeza kope mbele ya kioo cha baba, cha wateja. Baba ni fundi cherehani. Mzee Faradji alikuja kupima kanzu, akaniona, akamwambia, "Fundi Kadiri, mutoto wako iko na usingizi mubaya. Muoze mbio!"

Ijumaa, 9 Machi

Nimejidunga kisiginoni kwa sindano ya cherehani. Matundu mawili, mazuri. Nikaanguka kwenye majani nyuma ya dispanseri. Kope. Ulimi. Miguu. Kwa mpangilio.

Mukagasana akaja mbio, Masera nyuma yake. Mukagasana akatazama mguu, akasema hauna uvimbe. Nikacheka moyoni. Kisha akainua kope yangu kwa kidole kinachonuka samaki (mama yake anawauza) akasema, "Masera, huyu si kifutu. Ni swila!"

Kumbe Jumanne alirudi kwa Masera kuuliza alichokosa. Kuuliza tu, bila haya!

Wanawake wa soko wakajaa. Mmoja akauliza mimi ni mtoto wa nani. Akajibiwa, wa fundi, yule hasalimiaka watu. Nilisikia yote. Ningejibu vipi? Ulimi umekufa.

Likaletwa jiwe jeusi la kunyonya sumu. Nililisahau! Halishiki mpaka ngozi ichanjwe. Mukagasana akashika wembe.

"Vumilia, mudogo wangu."

Mdogo wake! Kanizidi masika moja.

Nikapiga yowe lililofika ziwani. Wanawake wakashangilia: sumu inatoka!

Jiwe likaganda mpaka alasiri. Damu yangu safi kabisa, nalo linanyonya kama ndama. Lilipoanguka, likalowekwa kwenye maziwa ili litapike sumu, ndiyo desturi. Jiwe lilipewa maziwa. Mimi maji.

Masera alitazama tu sindano iliyochomekwa kwenye kola ya gauni langu.

Jumatatu, 12 Machi

Aproni kapewa Mukagasana. Inambana. Nimefurahi kidogo.

Masera akaniita pembeni. Akasema ishara zangu zilikuwa sahihi, ila aliyekufa ulimi hapigi yowe. Akasema angenichagua mimi, kama ningefungua mdomo darasani. Sasa nifike kila Alhamisi. Wasichana wapya wa Rugerero watakuja kujifunza. Mimi nitalala kitandani na kulegeza kope. Mukagasana ataeleza. Ataeleza!

Sokoni Mukagasana kanishika mkono mbele ya watu wote. "Munaona huyu? Ni mimi nilimuponesha."

Basi, somo nimelipata. Nilikosea nyoka. Swila haonyeshi kitu, na Mukagasana sasa anamjua. Dawa yake ni kifutu. Baba mkubwa Abdu ana mizinga ya nyuki kule Kanzenze. Nyuki watatu mguuni, uvimbe tayari, na Mukagasana atabaki kunichungulia kope. Jiwe? Sidhani watalikumbuka.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, funga mdomo kama mimi darasani. Usimwambie mtu habari ya nyuki.