Dira Yangu na Nguruwe wa Baba Mkwe

Jumamosi, 2 Agosti

Baba mkwe, Mzee Massoud, amepiga simu kutoka kijijini, huko nje ya Muheza. Nguruwe pori wameingia kwenye mihogo ya mama mkwe. Hawakula tu, wamelima! Mama mkwe amelia. Mzee Massoud ameshapata ruhusa ya maliasili, na msako ni Jumamosi ijayo. Anataka wakwe zake wote wawili.

Kisha Hafsa, mke wangu, akasema jambo jingine, huku anachambua mchicha kama vile si kitu. Kwamba babake amechoka. Kwamba anatafuta mtu wa ukoo wa kumkabidhi shamba la michungwa alisimamie.

Michungwa! Nilikuwa nalehemu redio ya mteja. Nimelehemu mahali ambapo hapakuhitaji kulehemiwa.

Tatizo ni Uweso, mwanyumba wangu, mume wa dada yake Hafsa. Uweso ana mabuti. Hana sifa nyingine yoyote, lakini kila msako anatangulia mbele na mabuti yake, na mzee anamwangalia kwa mapenzi. Mimi huwa nabeba maji.

Safari hii sibebi maji. Nitaongoza njia. Nitanunua dira.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimekwenda kwa Yasini, barabara ya kumi na mbili hapa Tanga, anayeuza vitu vya mtumba. Akaniwekea dira tatu mezani.

Ya kwanza ya kuning'iniza na funguo. Ukiitikisa inaonyesha popote ulipoitikisia. Ya pili imeshonewa kwenye mswala, na sindano imelala kabisa. Ya tatu! Ina kifuniko, ina pete ya kuzungusha, na ndani imejaa maji fulani mazito. Yasini akasema hayo maji ndiyo ya kutazama: sindano hutulia upesi hata ukiwa unatembea, na ukiona povu ndani, usinunue. Hakukuwa na povu.

Akanifundisha. Ishike kifuani, ilale sawasawa. Geuka wewe, siyo yeye, mpaka ncha nyekundu ikae kwenye alama ya kaskazini. Chagua mti mbele yako, nenda mpaka kwenye mti huo, tazama tena. Basi.

Nikageuka. Ncha nyekundu haikugeuka na mimi. Nikazunguka duka zima, nikamkanyaga paka. Haikubabaika! Imefungiwa kwenye kioo, haina betri, haina jicho, haijapata kufika huko kaskazini, na inakujua. Nywele zilinisimama. Subhanallah.

Yasini akasogeza kisu, sindano ikaruka kama imeitwa jina. Akaniambia niiweke mbali na chuma, mbali na simu, na zaidi ya vyote mbali na sumaku, kwani sumaku inaweza kuipindua isitengenezeke tena. Nikamwambia anaongea na fundi redio.

Nimemwonyesha Hafsa. Akauliza kama kaskazini si ndiko kibla kilipo hapa kwetu, na kama sisali nikielekea huko tangu utoto. Ni kweli. Nimeishi miaka yote hii nikiielekea kaskazini bila kujua! Nikamwambia hiyo ni kaskazini ya nyumbani. Msituni mambo ni mengine.

Alhamisi, 7 Agosti

Mazoezi, kiwanja cha mtaani kwetu Mabawa. Hapakuwa na mti upande niliotaka, nikachagua mbuzi. Nilitembea kwa uaminifu mkubwa. Mbuzi akahama. Nimeishia uani kwa watu, kati ya kanga zilizoanikwa, na mwenye kanga hakutaka kusikia habari za dira.

Lakini sindano ilikuwa sahihi. Mbuzi ndiye aliyekosea.

Sasa inapumzika juu ya spika kubwa ya harusi niliyoletewa kutengeneza. Ni mahali pa juu na salama, watoto hawafiki.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika kwa baba mkwe, barazani, miguu ndani ya beseni. Mwili unauma kila mahali. Nimeona mambo.

Mimi na Hafsa tulifika jana jioni. Asubuhi palikuwa na watu wengi. Laurenti, jirani wa mzee, alikuja na mbwa wake na nyavu. Sisi nguruwe hatumli, Laurenti anamla, kwa hiyo kila mtu anafaidika isipokuwa nguruwe. Mpango ulikuwa rahisi: Laurenti atege nyavu pembeni ya mihogo. Sisi tuingie msituni kwa upande wa barabara, tushike kaskazini wanakolala nguruwe, tupige madebe, tuwatimue warudi kwenye nyavu.

Nikatoa dira. Watu wote wakatazama, hata mbwa. Nikamwamkia mzee shikamoo mara ya pili, ili aione vizuri. Akaipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akasema, "Mwanangu, hiki kidude ni kikubwa kuliko sisi." Akasema niongoze, na yeye atakuja nami. Uweso akafunga kamba za mabuti yake kwa hasira.

Tukaingia sisi watatu, jua likiwa mgongoni. Njia ikagawanyika. Uweso akaenda kulia. Nikatazama: ncha nyekundu inaonyesha kushoto. Uweso akasema kaskazini ni kulia, mtoto mdogo anajua, jua limetoka nyuma yetu. Nikamwambia jua la Agosti halina msimamo. Mzee alisita, kisha akanifuata. Alikuwa ameshasema niongoze, na yeye ni mtu wa neno lake.

Ule msitu! Mara nyingine zote nilikuwa na ndoo kichwani, sikupata kuinua macho. Leo niliinua. Kuna mvule ambao watu wote wa nyumbani kwetu, tukishikana mikono, tusingeuzunguka. Hondohondo wakapita juu, na mbawa zao zinavuma kama mtu mkubwa anayehema. Kisha kikatulia kimya ambacho sijawahi kukisikia Tanga mjini. Nikavua kofia. Sijui nilimvulia nani.

Tukatembea sana. Hatukufika popote. Uweso akasema tumepotea. Nikasema hapana, tumekwenda mbali tu. Maji yakaisha, kwa sababu safari hii hapakuwa na mtu wa kuyabeba.

Ndipo nikamwona. Nguruwe dume, amesimama kwenye matete, karibu kiasi cha kusikia anavyovuta pumzi. Manyoya mekundu ya mgongoni yamesimama. Nyuma yake majike, na watoto wenye mistari kama matikiti. Nikatazama dira. Wallahi, ncha nyekundu ilikuwa inamwelekea yeye! Sikupiga debe. Nilisahau kwamba nina debe. Tulitazamana, na niliona aibu kidogo, kama mtu aliyeingia chumba cha watu bila hodi. Uweso alikuwa juu ya mti, mabuti na yote.

Wakatupita pembeni kuelekea tulikotoka, wakatoweka, wote kwa pamoja, bila haraka.

Nyuma yangu mzee akakaa chini. Uso wake ulikuwa wa majivu, midomo imekauka. Akasema magoti yamekataa. Hapo niliogopa kikweli. Nikawaza nitamrudishia Hafsa nini. Nikampepea kwa kofia, Uweso akashuka na kumpa mgongo wa kuegemea. Hatukugombana.

Mzee akasema anataka kusali. Nikatandika shuka lake kufuata sindano. Akatazama vivuli vya miti, akanitazama mimi, akalishika shuka na kuligeuza lielekee kinyume kabisa. Uweso akasimama nyuma yake. Na mimi nikasimama. Kwa heshima tu.

Alikuwa ndiyo kwanza ametoa salamu sauti ilipokuja kupitia miti, kutoka mbele yetu, kutoka upande ule mzee alioelekea. Kipaza sauti cha msikiti! Haikuwa adhana. Alikuwa Hafsa.

"Jumbe! Jumbe mume wangu! Umepotea! Geuka ufuate sauti yangu, na baba mshike mkono!"

Kijiji kizima kimesikia. Baadaye nimeambiwa alimwendea mwadhini mwenyewe, akamwambia mumewe ana dira na kwa hiyo hali ni mbaya. Alituita bila kuchoka, mpaka sauti ikakauka. Tulimbeba mzee kwa zamu, tukiipiga miti kwa madebe ili watusikie.

Na hapa ndipo penye ajabu. Nguruwe walikuwa kati yetu na kijiji. Makelele yetu yakawatimua, wakakatiza kwenye mihogo kwa mbio, wakaingia kwenye nyavu za Laurenti kwa upande asioutazama. Laurenti amenikumbatia. Mkewe, Kristina, amekwishawasha moto.

Mzee amekunywa uji na amelala. Anapumua vizuri. Alhamdulillahi. Nimekwenda kuangalia, kisha nikaangalia tena.

Jumapili, 10 Agosti

Mzee ameamka na nguvu. Ametukusanya barazani. Uweso alikuwa amepiga mabuti rangi. Mimi niliweka dira gotini, ionekane.

Mzee akasema ukoo unahitaji mtu ambaye wengine wakipotea, anajua la kufanya. Nikakaa wima. Akasema michungwa anamkabidhi Hafsa.

Hafsa ni mke wangu. Maana yake ni mimi. Uweso hajaelewa, anacheka.

Njiani Hafsa akaniuliza dira ililala wapi Alhamisi. Nikamwambia. Akafumba macho. Akasema ndani ya spika kuna sumaku, na sasa ncha nyekundu inaonyesha kusini. Nikamweleza kwa upole, kama fundi, kwamba ile spika ilikuwa imezimwa. Sumaku gani hufanya kazi bila umeme?

Jumatano, 13 Agosti

Silali kwa kuwaza, na leo nimeipata!

Dira haikukosea. Ilimwelekea dume, nimeona kwa macho yangu. Tulitaka kaskazini, ikatupeleka kwa nguruwe, kwa sababu ilijua tunachokihitaji kuliko sisi wenyewe. Dira zote duniani zinaonyesha kaskazini, na kaskazini haili mihogo ya mtu. Hii yangu inaonyesha nguruwe! Allah ana siri zake, na moja ameiweka kwa fundi redio wa Mabawa.

Nimempigia mtu wa Pangani ambaye kima wanammalizia madafu. Ameuliza kama dira ya nguruwe itawezana na kima. Nikamjibu kwamba nguruwe iliwajua bila kufundishwa. Naondoka Jumamosi. Hafsa amesema yeye ana kazi ya michungwa, na kwamba huko hatakuwepo wa kuniita. Sijui ana maana gani.

Nimeiweka mezani sasa hivi, imelala sawasawa, kama Yasini alivyonifundisha. Imetetemeka, ikazunguka polepole, ikatulia.

Inaonyesha jikoni.

Nimechukua panga, nikaenda kwa kunyata. Hakuna nguruwe. Nimefunga mlango na kuegemeza gunia la mchele. Watakuja tu.