Tochi Saba za Aslaug

Jumatatu, 12 Januari

Jua halijaonekana hapa Skarvnes tangu mwisho wa Novemba. Hilo ni la kawaida huku kaskazini kabisa, majira ya baridi. Lisilo la kawaida ni kwamba nina siku tisa tu za kumwokoa Aslaug.

Mambo yako hivi. Aslaug ni jirani yangu, mjane, miaka sabini na mbili. Kila siku saa sita mchana anatembea kilomita nzima, gizani, hadi njia panda yalipo masanduku yetu ya barua, kuchukua gazeti. Kabla ya Krismasi tochi kubwa ya marehemu mumewe ilizimika njiani, akateleza, akaumia nyonga. Binti yake Tordis, anayeishi Drammen huko kusini, amekuja juu, hataki mama abaki peke yake. Amemtafutia mama chumba karibu naye. Jibu analitaka kabla ya Siku ya Jua, siku jua linaporudi, tarehe ishirini na moja.

Drammen! Mtu wa kusikia bahari kila asubuhi atafanya nini Drammen?

Kwa hiyo anahitaji tochi. Ningemnunulia iliyo bora kuliko zote, lakini Aslaug hapokei kitu asichoweza kurudisha cha thamani ileile. Zaidi ya kroni mia, anakusindikiza mlangoni na zawadi yako. Basi tochi iwe rahisi. Na iwe ngumu, maana anaangusha vitu.

Kwa nini nisimsindikize mwenyewe? Kwa sababu huku mtu haendi kwa mtu bila shughuli, seuze kutembea na mwanamke barabarani mchana kweupe. (Mchana mweusi, lakini watu wanaona.) Kwanza uwe na shughuli. Tochi ni shughuli.

Hagbart, mwalimu mstaafu wa nyumba ya bluu, yeye hana haya. Ana tochi ya kufunga kichwani inayomulika hadi ng'ambo ya maji, na leo dukani nilimsikia akimwambia Aslaug kwamba yuko tayari kumsindikiza wakati wowote. Tausi mkubwa.

Jumanne, 13 Januari

Kazi imeanza! Nimenunua tochi tatu kutoka kapu la bei ya kutupa, duka la ushirika. Njano, nyekundu, nyeusi.

Nimezipima jikoni, kisayansi. Miaka arubaini na moja nimekuwa fundi wa injini kwenye meli za uvuvi, najua kupima kitu. Kutoka mezani: zote salama. Kutoka juu ya ngazi: ya njano imekufa. Ndani ya sufuria ya supu ya samaki: nyekundu imekufa. Nyeusi ilitoka ndani ya supu ikiwaka kama imetoka kuoga.

Supu niliinywa. Ina ladha ya betri.

Nimempelekea Aslaug ile nyeusi. Aliigeuza, akaiwasha, akaizima, akainusa. Aliuliza mbona inanukia samaki. Nikamwambia huo ndio utaratibu. Akaniambia niingie ndani, nisimpozee nyumba. Nilikaa saa mbili nzima. Nilimweleza habari za pampu ya mafuta na akasikiliza yote, hata ile sehemu ya vali, ambayo hakuna aliyewahi kuisikiliza hadi mwisho.

Nimeondoka na chupa ya jamu. Tumelipana. Kazi kwisha kwa siku moja tu! Nilijipiga kifua njia nzima ya kurudi nyumbani, ambayo ni hatua hamsini na tatu.

Jumatano, 14 Januari

Kazi haijaisha. Alipiga simu asubuhi: tochi imekufa.

Nikaenda mbio. Kweli imekufa. Nikaileta kwangu, nikaiweka mezani, nikawasha jiko. Dakika kumi baadaye ikawaka yenyewe! Kumbe aliitundika kwenye msumari nje ya mlango, nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Betri haiwezi baridi hiyo. Mimi baharini betri zangu zilikaa ndani ya chupi miaka yote, na bado nikasahau kumwambia. Aibu gani hii.

Ila jambo moja linanishangaza. Aslaug amezaliwa hapahapa. Baba yake alikuwa mvuvi, mumewe alikuwa mvuvi. Hata watoto wa chekechea wa huku wanajua habari ya betri na baridi. Uzee huo, masikini.

Nilirudi kumweleza kwamba tochi ikae mwilini, penye joto. Akauliza mwilini wapi hasa. Nikatazama dari. Dari yake ina ubao mmoja uliopinda.

Kahawa. Soksi za sufu, jozi moja. Nilimwambia soksi ni nyingi mno kwa ushauri mtupu, akasema ushauri ulikuwa mzuri.

Ijumaa, 16 Januari

Ile nyeusi imekufa tena, anasema. Jana nimempelekea ya kijani. Jana hiyohiyo jioni ikafa. Leo asubuhi ya bluu, ya mpira mtupu, ambayo nilipitisha gari juu yake kabla ya kumpa. Imekufa kabla ya chakula cha mchana! Anafanya nini nazo?

Nikatoa silaha nzito: tochi ya mkono wa kuzungusha, isiyotaka betri, niliyoipata kwenye soko la vitu vikuukuu ambalo bendi ya shule huliandaa kuchangisha pesa. Unazungusha, inawaka. Pia inalia kama kuku anayekabwa. Nilisimama dirishani kumtazama akienda nayo njia panda. Mbwa wa bondeni kote walibweka. Alirudi akasema mkono unamuuma, na je, siwezi kukaa kidogo nimweleze inavyofanya kazi ndani?

Nikakaa. Nikaifungua yote mezani. Akashika skrubu mkononi zisipotee. Chapati za maji na sukari.

Nikitoka nikakutana na Hagbart, taa yake ya kichwani ikinimulika usoni, nami nikawa kama ng'ombe anayetazamwa na treni. Akasema kwa sauti ya darasani:

"Eilert, bwana we, acha kumpa mama wa watu vikorokoro. Atavunjika mguu, na lawama utabeba wewe."

Jibu nimelipata sasa hivi, nikiandika, na ni kali sana, lakini Hagbart amekwenda zake.

Maneno yake yamenikaa rohoni. Zimebaki siku tano. Akianguka, ndiyo Drammen. Nimetazama nyumba yake kupitia dirishani, taa ya jikoni ikiwaka. Nilijaribu kuiwaza imezimwa, na pazia limefungwa.

Jumamosi, 17 Januari

Leo nilikuwa na akili kuliko siku zote za maisha yangu.

Mnada na bahati nasibu ya Chama cha Wanawake, ukumbini. Sasa sikiliza, ewe daftari: zawadi ya bahati nasibu si deni kwa mtu! Bahati hairudishiwi jamu. Basi nimenunua tochi ya maana, ya chuma, ile ya watu wa uokoaji, nikaipeleka kwa mama wa chama kwa siri, iwekwe kwenye meza ya zawadi. Halafu, kwenye vile vijitabu ambavyo mtu anaandika jina lake mbele ya kila namba aliyonunua, nikaandika Aslaug. Nilimnunulia namba arubaini. Hagbart alinunua moja.

Hagbart akashinda tochi.

Hagbart! Ambaye tayari ana jua kichwani!

Aslaug alishinda keki tatu, zulia la mlangoni, mguu wa kondoo, mto uliofumwa picha ya bata, na kilo mbili za kahawa. Kila mara jina lake lilipotajwa alishangaa, maana hakuwa amenunua hata namba moja. Mara ya tano mama wa chama akainua kijitabu juu ya miwani yake na kusema, ukumbi mzima ukisikia, kwamba mwandiko huu anaujua, ndio uleule wa kwenye ile barua ya mwaka jana ya kulalamikia choo cha ukumbi.

Nilitamani sakafu ipasuke inimeze. Watu walinigeukia wote. Nilijifanya nafunga kiatu. Nilikuwa nimevaa buti zisizo na kamba.

Aslaug hakukasirika. Alicheka mpaka akavua miwani kujifuta machozi. Ikabidi nimvutie mizigo kwenye kigari cha theluji hadi nyumbani kwake, nikiwa mbele, yeye nyuma ameshika keki. Hiyo ilikuwa shughuli halali, mzigo ni mzigo. Mlangoni akanikatia nusu ya mguu wa kondoo. Nikasema si wangu. Akasema aujuaye mwandiko anajua ni wa nani.

Jumatatu, 19 Januari

Tordis amenipigia simu kutoka Drammen. Mimi! Nikasimama wima kama nimeitwa na nahodha.

Alitaka nimwambie ukweli, Mzee Eilert, mama anaweza kuishi huko peke yake kwenye giza lile? Nilimwambia suala la tochi linashughulikiwa, kwamba sita zimeshindwa, pamoja na mbili kuukuu nilizompelekea jana, lakini ya saba iko njiani. Kisha akasema mama yake humsimulia habari za hizo tochi kila jioni, moja moja, na supu, na mbwa, na buti zisizo na kamba. Kwamba hajamsikia akicheka hivyo tangu baba yake afariki.

Nikamwambia hili si jambo la kuchekesha, kuna usalama wa mtu hapa.

Akasema ndiyo, Mzee Eilert, na sauti yake ikawa laini. Sikuelewa kwa nini. Watu wa Drammen wagumu kueleweka.

Ya saba imefika mchana na basi la posta. Ndogo, ya bati, rahisi kabisa. Nimeipiga nyundo. Nyundo imepasuka mpini. Nimempelekea hapohapo.

Saa kumi alipiga simu. Imekufa.

Nikakaa kwenye kiti cha jikoni bila kuwasha taa. Niseme wazi, kwa kuwa hakuna atakayesoma: nampenda. Nampenda tangu pampu ya mafuta, na labda tangu zamani. Na ninampoteza kwa sababu ya swichi ya bati.

Jumatano, 21 Januari

Siku ya Jua. Shule imefungwa, tumepanda wote kilimani, watoto na taji zao za karatasi za njano, sisi wakubwa na maandazi ya jua, yenye jamu ndani, kwenye mifuko. Aslaug alisimama karibu nami. Hagbart alivaa tochi zote mbili.

Saa sita na dakika nne jua likachungulia kati ya milima miwili. Lilikaa dakika sita tu. Watoto wakapiga kelele. Uso wa Aslaug ukawa wa rangi ya dhahabu, na jamu ya andazi kidevuni. Nikamwuliza, nikiwa nimekaza macho kwenye jua, amemjibu nini Tordis.

"Nimemwambia siendi," akasema. "Mwanga wa hapa unanitosha, jirani."

Nikamshika mkono ili nisianguke. Nadhani yeye pia alidhani nitaanguka, maana hakuuachia hadi tukafika chini.

Kwake, akaniomba nitoe sukari kwenye droo. Nikavuta droo ambayo siyo. Ndani: tochi. Nyeusi, kijani, bluu, ya bati, ya kuzungusha, na zile mbili kuukuu, zimepangwa vizuri juu ya kitambaa. Na ile kubwa ya marehemu. Na pakiti mpya ya betri. Nikaiwasha nyeusi. Ikawaka. Kijani. Ikawaka. Zote ziliwaka! Hata ile ya marehemu! Jikoni kukawa kama meli ya abiria.

Aslaug alikuwa mwekundu hadi masikioni.

"Basi umeona," akasema. "Huku kwetu mtu haji bila shughuli. Ningefanyaje?" Kisha, akiwa anamimina kahawa nje ya kikombe: "Kesho saa sita njoo twende njia panda. Bila tochi, Eilert."

Nikazizima zote, moja moja, nikafunga droo.

Alhamisi, 22 Januari

Nimewaza asubuhi yote na nimelitatua.

Tochi nzima saba, na mtu anasema zimekufa. Maana yake nini? Vidole! Swichi ndogo, vidole vya uzee. Alikuwa anabonyeza na haziwaki, naye aliona haya kusema. Na aliposema "bila tochi" ni wazi alimaanisha bila tochi za aina hii. Laiti angesema mapema!

Kuna kiwanda kinachouza tochi yenye swichi kubwa kama kitufe cha koti. Rahisi, ngumu, haiogopi maji. Nimeagiza dazeni mbili. Zitachukua wiki sita kufika.

Wakati huo ikabidi twende njia panda hivyohivyo, mikono mitupu. Barafu ni mbaya pale kwenye kona, nikamshika mkono kwenda, na kurudi pia, hata pasipo na barafu, kwa tahadhari. Hagbart alipita na tochi zake mbili, akatumulika wote wawili, akazizima, akavua kofia.

Mlangoni nikamwambia Aslaug avumilie, tochi ni wiki sita tu. Akanifunga kifungo cha juu cha koti, akasema watu wa kiwanda wasiharakishe.

Kesho alfajiri nawapigia simu niwahimize.