Nguva wa Soko la Msambweni

Jumatatu, 3 Februari 2025
Maimuna amemaliza kuchora ukuta wa soko. Samaki, minazi, akina mama na leso zao. Watu wanatoka mbali, hata Kikoneni, kuja kupigwa picha hapo. Mimi nimejenga nusu ya vyoo vya mji huu, na hakuna aliyewahi kupigwa picha mbele ya hata kimoja.
Nimepata wazo. Mbele ya ukuta pako wazi. Nitaweka nguva wa saruji, mkubwa, aufunike.

Jumanne, 4 Februari
Nimekwenda kwa Bi Twaiba, mwenyekiti wa kamati ya soko. Baada ya shikamoo nikamwambia nataka kuupamba mji bure, kwa mapenzi tu. Akauliza kama nguva huyo hatamziba Maimuna. Nikasema hata kidogo, atamsindikiza. Akakubali. Maimuna mwenyewe akaja kunishukuru. Nikaona haya. Hazikukaa.

Alhamisi, 6 Februari
Nguva alikuwa ainuke, kichwa juu. Waya ukalegea, saruji ikamshusha. Sasa amelala. Mgongo umebonyea, na ubavu wa upande wa barabara umeinuka kama egemeo.
Issa muuza mahamri amepita, akasema, "Fundi Chome, kiti kizuri."
Nikamwambia ni nguva.
"Haya, nguva mzuri. Tutamkalia lini?"


Jumatatu, 10 Februari
Nguva amekauka. Asubuhi nimemkuta amejaa watu. Bibi wanne mgongoni, na mmoja kaegemea kichwa. Mbaya zaidi, ukimkalia unatazamana na ukuta. Nimemjengea Maimuna baraza.
Bi Twaiba akanishika mkono mbele ya soko zima, akasema watu walikuwa wakipigwa picha kisha wakipita tu, leo ndiyo wameketi kuutazama ukuta. Nikasema ndivyo nilivyokusudia.
Maimuna akasogea, akanipa nafasi. Issa akaleta mahamri na mbaazi. Bibi mmoja akasimulia harusi yake, tukacheka mpaka chai ikamwagika. Siku nyingi sijakaa na watu hivyo.
Kisha Maimuna akanionyesha pembe ya chini ya ukuta. Mwashi, mwiko mkononi, kitambi kama changu.
"Ni wewe," akasema. "Nilikuchora wa kwanza kabisa. Nilingoja uje kutazama, hukuja."
Nikafuta macho. Nikasingizia pilipili.

Jumanne, 11 Februari
Nimerudi kumtazama mwashi yule mapema, kabla watu hawajaja. Amefanana kweli. Lakini ni mdogo. Hafiki hata goti la muuza samaki aliyechorwa kando yake.
Basi nimeamua. Nitajenga twiga, palepale, kando ya nguva. Twiga hakaliki. Bi Twaiba amekubali, amefurahi sana, sijui kwa nini.
Nimeanza na shingo. Nimeipa mteremko mzuri, laini, kutoka kichwani mpaka chini. Watoto wamekwisha kuuliza itakauka lini.