Picha Sita kwa Sekunde

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kwanza ya likizo.

Jumapili hii, saa tatu na dakika kumi kamili, baba mkwe anakuja kuendesha treni kwenye kompyuta yetu. Nimemwalika mwenyewe, kwa mdomo wangu huu, mbele ya mashahidi. Sasa najuta.

Mzee aliendesha treni miaka thelathini na moja. Safari yake ya mwisho, kifua kilimbana zikiwa zimebaki kilometa kumi kufika stesheni ya mwisho. Msaidizi wake akaimalizia, Mzee akashushwa kwa machela. Miaka tisa sasa. Ukimuuliza habari za kazi hasimulii ile miaka thelathini na moja, anasema tu kwamba hakufika. Basi mimi nikagundua kuna watu wameichora njia yake ile ile, stesheni kwa stesheni, ndani ya mchezo wa kuendesha treni. Nikamwambia safari hii atafika. Akanitazama mpaka nikaangalia pembeni. Tangu nimwoe binti yake ananiita "huyu". Huyu amekuja. Huyu ameshiba?

Tatizo ni moja. Treni haiendi, inaruka! Ili macho yaone mwendo, kompyuta inatakiwa itoe picha kama thelathini kwa sekunde. Yetu inatoa sita. Unaona mti, kisha huuoni mti, kisha umepita stesheni.

Na kompyuta yenyewe si yangu. Ni ya mke wangu, ndiyo ofisi yake. Anachora ramani za majengo, na wiki hii anamalizia ramani ya zahanati. Amesema nicheze treni yangu, lakini nikigusa kitu kingine chochote nitahamia kwa mama yangu. Alisema akitabasamu. Akitabasamu ndiyo mbaya zaidi.

Shemeji, kaka yake, amepiga simu jioni. Ana kompyuta ya maana, mvua ikinyesha kwenye treni yake unatamani mwavuli. Lakini anakaa ghorofa ya nne, na goti la Mzee halipandi ngazi. Akajitolea kuiteremsha na kuileta kwetu Jumapili. Nikamwambia asihangaike, ya kwetu imetulia kama maji mtungini.

Kwa nini nilisema vile? Sijui. Mdomo ulikwenda peke yake.

Jumanne, 4 Machi

Mke wangu ametoka asubuhi kwenda kukagua kiwanja. Nimesoma mtandaoni kwamba kompyuta ikipata joto inapunguza kasi. Dawa: upepo!

Nimefungua ubavu wa mashine. Vumbi la kutosha kujaza mto. Nimelitoa kwa brashi ya rangi, nikasogeza feni kubwa ya sebuleni, nikaiwasha namba tatu.

Sikujua kwamba michoro ya mke wangu iko mezani bila kitu juu yake. Karatasi zilipaa zote. Moja ilinipiga usoni, moja ikatoka dirishani, nikaikimbilia chini na soksi. Mama mwenye duka la vitambaa ng'ambo ya barabara alikuwa ameshaiokota na anaisoma. Akaniuliza choo cha wanaume kiko wapi katika hiyo nyumba. Nikamwambia tafadhali, mama, naomba karatasi.

Nimezipanga upya. Naomba ziwe zimepangika.

Nimefunga mashine. Imebaki skrubu moja mkononi. Nimeizungusha mashine nzima, hakuna tundu lililo wazi. Skrubu imetoka wapi? Imeshikilia nini miaka yote hii? Nimeiweka mfukoni na kila nikitembea inanichoma.

Matokeo: picha saba kwa sekunde.

Jumatano, 5 Machi

Nimeponea chupuchupu.

Leo shauri lilikuwa kupunguza mzigo. Wataalamu wanasema kompyuta iliyojaa haipumui, futa mafaili yasiyotumika. Nikatafuta makubwa. Nikakuta manne: ZAHANATI MWISHO, ZAHANATI MWISHO KABISA, ZAHANATI MWISHO KWELI, na ZAHANATI MWISHO YA SASA. Nikatumia akili. Kitu hakiwezi kuwa na miisho minne. Nikabakisha la kwanza, kwa sababu ndilo lililosema jambo lake bila kubabaika. Matatu nikayafuta.

Saa nane mke wangu akarudi, kabla ya wakati! Akakaa mezani na chai yake. Akafungua. Akatafuta, akatafuta tena.

Kijasho chembamba kilinitoka hadi kwenye vidole vya miguu. Akauliza, bila kugeuka, kama kuna mtu ameshika kompyuta yake. Nikasema labda imejisasisha yenyewe. Akasema kompyuta haina mikono. Nikamwambia kuna mtu anagonga mlango. Akaenda kuangalia. Nikaruka kwenye kiti, nikafungua kapu la taka la kompyuta, nikayakuta matatu yote, nikayarudisha, nikaruka tena kwenye kochi. Kipimo cha mapigo ya moyo wangu kingelipuka.

Akarudi, akasema hakuna mtu mlangoni. Akakaa. Akayaona mafaili. Akanitazama kwa muda mrefu, kisha akanywa chai.

Ningependa aseme neno.

Picha kwa sekunde: saba.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi nilikuwa nafuta kibodi kwa kitambaa, usafi tu, nia njema kabisa. Ghafla skrini ikageuka juu chini. Treni ikawa darini! Nilipiga yowe, nakiri.

Nilizima, nikawasha. Bado. Nikabembeleza. Bado. Mke wangu alikuwa anarudi saa saba. Ilikuwa saa sita kasoro robo. Nikafanya jambo ambalo mtu yeyote mwenye hofu ya kweli angelifanya: nikaigeuza skrini yenyewe. Nikaisimamisha kichwa chini, mguu wake ukielekea dari, nikaiegemeza kwa kamusi mbili na sufuria. Ikakaa sawa. Nikajipongeza.

Ndipo Shemeji alipoingia bila hodi. Alikuja kuchukua ngazi yake. Akasimama, akatazama skrini, akatazama sufuria, akanitazama mimi. Akaja, akabonyeza vitufe vitatu kwa mkono mmoja. Picha ikageuka. Sasa skrini ndiyo ilikuwa juu chini, na mimi nimesimama kando yake kama niliyeikuta hivyo.

Hakucheka. Angecheka ningesamehe. Alisema kwa upole, shemeji, niilete yangu Jumapili, tusimwaibishe Mzee. Aliongeza kwamba Mzee amepeleka sare yake kupigwa pasi.

Sare! Mzee atavaa sare na kofia, atakaa mbele ya treni inayoruka, na hatafika kwa mara ya pili, na safari hii nitakuwa mimi niliyemkwamisha.

Nikamwambia Shemeji kila kitu kiko tayari. Akachukua ngazi akaondoka.

Ijumaa, 7 Machi

USHINDI! Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu nastahili.

Suluhisho lilikuwa ndani ya mchezo wenyewe, kwenye mipangilio. Kompyuta inachoka kwa sababu inachora vitu vingi mno. Basi usiitwishe mizigo! Nimeondoa vivuli: picha kumi. Nimeondoa mvua na mawingu: kumi na tatu. Nimeondoa miti yote: kumi na tisa. Nani anakwenda kuangalia miti? Nimeondoa nyumba za kando ya reli: ishirini na mbili. Nimebaki nakuna kichwa. Halafu nikaona kisanduku kidogo: abiria stesheni. Nikakizima.

Thelathini na moja!

Watu peke yao walikuwa wanakula picha tisa. Wamesimama tu, hawafanyi kazi yoyote, wanakula picha tisa.

Nimeendesha nusu nzima ya njia. Treni inateleza. Hakuna kuruka, hakuna kukwama. Reli, stesheni tupu, reli, stesheni tupu. Saa ya ukutani inatembea na hakuna anayeitazama. Kwenye stesheni ya tatu nimefungua milango kama inavyotakiwa, nikangoja. Nywele za shingoni zilisimama. Nikazima, nikawasha redio, nikakaa jikoni mpaka mke wangu akarudi.

Ni njaa tu. Sikuwa nimekula.

Jumamosi, 8 Machi

Mzee amepiga simu mwenyewe. Hajawahi kunipigia. Aliuliza, huyu, tunaondoka saa ngapi? Nikasema saa tatu na dakika kumi, Mzee. Akasema vizuri, akakata.

Mke wangu amefua mapazia. Ameniambia baba yake hajazungumza hivi tangu augue. Kisha akanishika bega akasema kama siko tayari niseme leo, si aibu, kaka yake ataleta mashine. Machozi yalinilenga. Nikasema niko tayari.

Shemeji kapiga tena. Ameshaiteremsha kompyuta yake, iko kwenye gari, iwapo tu. Iwapo tu! Ili asimame nyuma yangu akisubiri nianguke. Nikamwambia muda umebadilika, Mzee anakuja saa kumi jioni.

Uongo mdogo. Naogopa kidogo.

Jumapili, 9 Machi

Mzee alifika saa tatu kasorobo. Sare, kofia, viatu vinang'aa. Begi lake la kazi mkononi, ndani yake saa ya mfukoni na kitambaa cha kufutia kioo. Alikifuta kioo cha skrini. Alikaa, akaweka mikono magotini, akangoja saa. Dakika kumi zilipotimia akapiga honi.

Treni iliondoka laini kama siagi. Nilimtazama mke wangu kwa jicho la ushindi.

Stesheni ya kwanza Mzee alisimama palepale kwenye alama, si unyayo mbele wala nyuma. Akafungua milango. Akatazama jukwaa. Akahesabu dakika mbili kwa saa yake, akafunga. Stesheni ya pili vilevile, lakini jukwaa alilitazama mara mbili. Stesheni ya tatu hakufunga milango. Alisogeza uso karibu na skrini. Akauliza kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake: watu wamepatwa na nini?

Akauliza tena, akimgeukia binti yake sasa, kama mtoto. Stesheni zote hizi, watu wameenda wapi?

Nikasema nimewaondoa mimi, Mzee. Ili treni iende.

Mungu wangu! Nilitamani ile karatasi ya Jumanne inibebe nitoke nayo dirishani.

Mzee alivua kofia. Akasema treni bila watu inakwenda sehemu moja tu, karakana. Akasema alipobebwa kwenye machela siku ile, watu wa stesheni ya mwisho walikuwa wamejipanga wanamngoja, na yeye hakuwaona, alikuwa amefunikwa uso. Miaka tisa anataka kuwaona. Hawezi kuwafikia wakiwa hawapo. Akaniambia niwarudishe.

Nikamwambia wakirudi treni itaruka, itajikokota, tutachukua saa nzima kwa kilometa kumi. Akaniuliza kama kuna mahali ninawahi.

Nikawarudisha. Na miti. Na nyumba. Na mvua, kwa sababu aliiomba. Hata ile picha ya saba ya Jumanne ikapotea. Picha sita kwa sekunde.

Tulikaa saa moja na dakika arobaini. Treni inatokea hapa, inatokea pale. Mke wangu alileta chai, Mzee alikunywa bila kuondoa macho kwenye skrini. Kila mti uliotokea aliutaja. Hapa palikuwa na daraja, likatokea daraja. Hatimaye stesheni ya mwisho, kwa vipande. Ukuta. Saa. Mwanamke mwenye sanduku la njano, mguu wake umezama ndani ya sanduku. Watu wengi, wamesimama na mizigo, wote wametazama huku tunakotoka.

Mzee alisimamisha treni. Akafungua milango. Akawatazama watu wote, mmoja mmoja, na ilichukua muda kwa sababu walikuwa wanatokea polepole. Akasema, nimefika. Alilia, na mke wangu akalia, na mimi nikaenda jikoni kuangalia maji ambayo hayakuwa yamebandikwa.

Alipokuwa anaondoka akanishika mkono. Akasema, ahsante, mwanangu.

Shemeji alifika saa kumi kamili, amekumbatia kompyuta, jasho linamtiririka. Nilimkaribisha chai.

Jumatatu, 10 Machi

Mzee amepiga simu asubuhi. Jumapili ijayo anataka safari ya kurudi. Anasema wale watu wa jukwaani ameshawaona, sasa lazima awapeleke. Ameniita mwanangu mara mbili. Sijalala vizuri tangu simu hiyo, na ilikuwa saa mbili tu zilizopita.

Mke wangu amesema nisibadilishe chochote. Baba amependa hivyo hivyo, kwa kujikokota, na nikithubutu kugusa mipangilio ataniuliza. Shemeji amesema kompyuta yake bado iko kwenye gari. Nimewaambia wote wawili wasiwe na wasiwasi.

Picha sita kwa sekunde! Mara ya kwanza Mzee alivumilia kwa huruma. Mara ya pili atachoka, nitarudi kuwa huyu. Hapana. Siwezi. Nimekaa nimefikiri kwa makini, nimejifunza kutokana na makosa. Watu hawaguswi. Miti haiguswi. Mvua haiguswi. Kuna kitu kingine kizito kuliko vyote, na dereva hakioni hata mara moja kwa sababu anatazama mbele.

Mke wangu ametoka kwenda kiwanjani. Nimeondoa mabehewa yote kumi na moja.

Picha thelathini na nne! Imebaki injini peke yake, inateleza, na mbele yake jukwaa limejaa watu na mizigo yao, wanangoja kupanda.