Gari ya Kumupeleka Belise

Jumatatu, tarehe 3 Agosti

Salamu kwanza, daftari, maana we pia ni mutu ya nyumba. Belise iko muzima, anajaribisha viatu ya arusi jikoni. Ndugu yake Gad iko muzima, amekula mara mbili. Mama mukwe Donatha iko muzima, magoti tu inamusumbua. Baba yao Jean-Luc iko kazini Kigali, muzima kwa simu. Kuku nane, wazima. Gari ndiyo mugonjwa.

Nimetoka sokoni na gari, nikapanda kilima yetu ya hapa Gisenyi, kufika mulangoni nikasikia harufu. Mupira inaungua. Belise akafunika pua, akasema Mama, Jumamosi siingii humo na nguo nyeupe. Jirani Nyirabagenzi akatokeza kichwa juu ya ukuta. Akasema gari yake mupya iko tayari kupeleka bibi-arusi kanisani Nyakiriba, na ndani iko baridi kama friji. Nikamushukuru. Sitaki. Mutoto nilimubeba mugongoni mimi, kanisani nitamufikisha mimi. Belise akakata maneno: Ijumaa harufu ikiwa bado, anaenda na Nyirabagenzi.

Bon, haya. Siku nne. Zinatosha. Miaka kumi na tisa nauza sambaza, zile samaki ndogo ya ziwa. Samaki ya jana naijua nikiwa ng'ambo ya barabara. Harufu moja ya gari itanishinda?

Jumanne, tarehe 4 Agosti

Nimefungua mbele ya gari, nikanusa kila kitu, moja moja, kama niko nachagua sambaza. Mukosaji nimemupata. Mukanda ya moteri! Mweusi, wa mupira, na sura ya mutu ameiba. Nikavuka mupaka ya Congo pale Grande Barrière kwa miguu, nikanunua mupya Goma, nikarudi nayo shingoni kama mukufu. Kijana ya pikipiki mwenye kujua spana akaifunga.

Nikashuka mpaka ziwani, nikapanda. Harufu ile ile. Nyirabagenzi akafunga madirisha yake moja moja, polepole, ili nione.

Jumatano, tarehe 5 Agosti

Donc, kumbe mukanda haikuwa na kosa. Nimewaza usiku wote. Harufu inafukuzwa na harufu. Nikaweka ndani ndimu kumi na mbili, kahawa ya kukaangwa, na, kwa usalama, sahani ya sambaza kavu. Nikamuita Belise anuse. Akasema sasa inanuka kama samaki imekufa ndani ya moto huku padri anakunywa kahawa kando. Bibi yake Donatha akacheka mpaka magoti ikapona.

Jumatano hii tusiihesabu.

Alhamisi, tarehe 6 Agosti

Mufundi Narcisse nimemupa nafasi. Sikumuomba, nimemupa nafasi. Akaendesha mwenyewe mpaka juu, akarudi. Akasema Mama, gari hii haina kitu. Nikamwambia shida ni pua yake. Akasema basi Mama aendeshe, yeye akae kando.

Tulipofika kwa kona, harufu ikaja. Nikafurahi. Nikamwambia, unaona? Narcisse hakuangalia moteri. Aliangalia freni ya mukono. Akauliza mbona imeinuka. Nikamueleza kwa upole, maana ni kijana: naiacha imeinuka kidogo siku zote. Hapa kwetu kila njia inateremkia ziwani, na gari isiyoshikwa itaenda kuoga. Hata mutoto ukimufunga vizuri mugongoni, si bado unaweka mukono nyuma?

Narcisse akavua kofia. Akasema Mama, unaendesha gari huku umeifunga. Freni zimeungua, zimekwisha kama sabuni. Ile harufu ni ya mukono wako. Akashuka, akakaa juu ya jiwe, akacheka. Halafu akaniomba ruhusa kucheka tena.

Ijumaa, tarehe 7 Agosti

Freni mupya. Narcisse ameniapisha: gari ikitembea, ile freni ikae chini kabisa. Nimeapa. Nimepanda na kushuka mara tano na Belise, akaingiza kichwa chote ndani, akanusa, akanikumbatia. Hakuna kitu. Nyirabagenzi akasema Mungu asifiwe, atabeba mashangazi. Alisema vizuri, lakini uso ulikuwa wa mutu amekula ndimu. Ninazo bado tisa, nimemupelekea.

Jumapili, tarehe 9 Agosti

Jana Belise ameolewa. Mimi ndiye nilimufikisha. Nimelia mpaka mukwe wangu Rugwiro akanipa leso ya mufuko wake.

Freni ya mukono sikuigusa. Nimeapa, nimeapa. Lakini mulima ya Nyakiriba ni mulima, na nilikuwa na mutoto ya mutu ndani. Basi nikaweka muguu wa kushoto juu ya ambreyaji, klachi, ile pedali ya kubadilisha gia, nikaikanyaga kidogo tu, njia yote, gari ijue niko. Pedali hiyo Narcisse hakuitaja hata mara moja.

Karibu na kanisa ikaja harufu, kali kuliko ya kwanza. Belise akaniangalia. Nikamuonyesha kwa kidole: mbele yetu, gari ya Nyirabagenzi.

Sina roho mbaya. Leo nimemuandikia karatasi, Gad anaipeleka:

“Jirani mupenzi, asante kwa kubeba mashangazi. Gari yako inaungua. Toka Gisenyi nimekufuata, na kila tulipopanda ulizidi kunuka. Usione haya, ni kitu inapata watu. Muite Narcisse, na umuache akae kando yako aangalie mikono. Nijibu haraka, haraka sana, kabla haijawaka.”