Jamhuri ya Ghorofa ya Juu

Jumatatu, 3 Juni

Maji hayajapanda tena! Ghorofa ya chini anakaa mwanyumba wangu, mume wa dada yake mke wangu. Ni fundi bomba. Kila koki ya nyumba hii anaijua yeye. Nikamuuliza kulikoni. Akaniambia niamke mapema kama watu wengine. Dharau gani hii! Redioni leo wameeleza: taifa ni watu wanaojiona wamoja, dola ni mipaka, serikali, na kutambuliwa na wenzako. Sisi wa juu tunakosa maji pamoja. Basi ni taifa! Imebaki dola tu. Cherehani ninayo. Naanza na bendera.

Jumanne, 4 Juni

Uhuru! Nimefunga kamba ngazini, mafundo ya kufa mtu. Bendera imetokana na pazia la sebuleni. Mke wangu akauliza pazia liko wapi. Nikamjibu linapepea. Hakucheka. Kinyozi wa chumba cha mwisho akataka kujua rais nani. Nikasema tutapiga kura. Wagombea? Mimi. Akarudi kulala.

Jumatano, 5 Juni

Nilimtaka mke wangu aonyeshe kibali kabla ya kushuka kwa dada yake. Akaruka kamba, sufuria mkononi. Hajarudi. Ameomba hifadhi nchi jirani! Harufu ya kitunguu inavuka mpaka bila kibali. Kinyozi naye kashuka, eti anafuata chakula tu, uraia hajaukana. Nimebaki na raia mmoja, mama mkwe, tunayekaa naye, na yeye ananiita "yule fundi mapazia". Nimelalia chai kavu. Mwanyumba nimemwomba anitambue. Anasema ananitambua vizuri sana, na hapo ndipo penye shida.

Alhamisi, 6 Juni

Asubuhi mama mkwe alibanwa na pumzi. Midomo ikabadilika rangi. Nikapiga kelele ngazini: "Mwanyumba! Njoo, mama anatutoka!" Akapanda mbio, akanasa kwenye mafundo yangu. Nikajaribu kuyafungua. Wapi! Nikachukua mkasi, nikakata. Tukambeba kwenye kiti, mwanyumba mbele, mimi nyuma, kinyozi kashika miguu, wake zetu barabarani wanasimamisha magari. Hakuna aliyeuliza nani wa juu, nani wa chini. Hospitali wakasema tumemuwahisha. Mwanyumba alilia kwenye benchi. Nikamshika bega. Nililia pia, ila kidogo, kwa heshima ya cheo.

Jumamosi, 8 Juni

Mama mkwe karudi! Anapumua, anatukana. Mke wangu naye karudi. Mwanyumba kabadilisha bomba lililooza, maji yanapanda mpaka kwetu. Jioni tulikula wote uani, sahani moja, mikono inagongana. Nikawatazama, moyo ukajaa. Kumbe nilikosea vibaya! Taifa si ghorofa ya juu.

Taifa ni nyumba nzima! Na wale wa nyumba ya pili wanaanika nguo kwenye ukuta wetu. Mpaka ule nani aliuchora? Nimeshatunga wimbo wa taifa, beti nyingi. Mama mkwe anasema sauti yangu itamrudisha hospitali. Wapinzani hawakosekani hata katika taifa changa. Kesho alfajiri nawaimbia wote.