Profesa na Ini la Kushoto

Uprofesa wake aliupata siku alipoiba koti jeupe kwenye kamba ya nguo. Tangu hapo Profesa alishinda kwenye benchi la kliniki ya sukari, mpole kama mwewe aliyesomea huruma.

Asubuhi hiyo akamsikia daktari wa kweli akimwambia muuza nyama mmoja mwenye tumbo la kutangulia: "Ini lako lina mafuta, mzee. Hizi dawa mbili za sukari zimeze pamoja, zitasaidiana kuyapunguza. Na kula upunguze."

Mzee alikunja uso kwa hilo la mwisho. Profesa akaiona riziki.

"Shikamoo, mzee. Mbili hazitoshi. Nipe nizisage na ya tatu, yangu. Utakula unavyotaka, mafuta yatakimbia yenyewe."

"Marahaba, mwanangu. Yatakimbilia wapi?"

"Hilo ni la kitaalamu."

"Ahaa. Na ini lenyewe liko wapi?"

Profesa, kwa uzito wote wa elimu asiyokuwa nayo, akajipapasa ubavu wa kushoto. "Hapa, jirani na moyo. Ndiyo maana mtu akiachwa, maini humkatika."

Muuza nyama alikuwa amepasua ng'ombe miaka thelathini, hajakuta hata mmoja mwenye ini upande huo. Tena doa la damu kwenye mfuko wa lile koti alilijua. Alilifua mwenyewe mara saba likagoma. Akageuka, akapekua mkoba wake kwa muda mrefu, akatoa boksi mbili zilizofungwa mpira.

"Huu ndio uhai wangu, Daktari. Niachie koti na simu mpaka urudi."

Simu ile ilikuwa na namba za wajinga wote wa mji. Lakini saa moja tu! Angeuza dawa, asage chaki, arudi. Akaiacha, pamoja na koti.

Kwenye duka la rafiki yake, anayenunua dawa bila kuuliza zilikotoka, boksi zilifunguliwa. Zikamwagika peremende, zile ambazo mzee hubeba ili sukari yake isije ikashuka ghafla.

"Ulipewa nini?" rafiki akauliza.

"Dawa ya sukari!"

"Basi hukudanganywa. Sukari hii hapa."

Profesa akaazima simu, akapiga namba yake mwenyewe.

"Buchani hapa," sauti ikajibu. "Dawa zangu nimeshameza, zote mbili. Koti nimelivaa. Simu yako njoo uichukue, Daktari. Kisu nimekinoa, nikuonyeshe ini liko upande gani."